Breki ya Mama Mkwe

Resty alikuwa amejifungua Tororo, na Oguttu, mumewe, alitakiwa kumpeleka mama mkwe wake huko. Lakini breki ya pikipiki yake ilikuwa imejaa hewa, haishiki. Mama mkwe huyo, Benedeta, alikaa kando akimpa mgongo, maana kwao wakwe hawasemeshani ovyo wala kutazamana.

Oguttu alichomeka mpira wa dripu kwenye nati ya kutolea hewa ya breki, ncha ya pili akaizamisha katika chupa yenye mafuta ya breki. Wa kumbania breki huku yeye akifungua nati hakuwepo.

"Wewe pikipiki," alisema kwa sauti, "ungepata mtu wa kukubania breki, ungepona!"

Benedeta alinyanyuka, akabana. "Pikipiki, mwambie bwana wako afungue nati."

Mapovu yalitoka mpaka yakaisha, breki ikashika.

"Twende, baba," Benedeta akamwambia akimtazama usoni. "Mjukuu wangu hajui hizo adabu."