Dawa ya Mafua kwa Simu

Katika duka la miwani walimwita Kasuku, na jina lilimkaa. Yeye ndiye aliyepokea wateja na kuwaita majina, na katikati ya jina na jina aliwapigisha soga hata mtu akasahau kuwa amengoja saa nzima. Jumamosi moja aliamka na mafua mazito. Kufika kazini, akafungua kinywa, sauti hamna.

"Leo masikio yetu yatapumzika," alisema fundi wa lenzi. Wote wakacheka, naye akacheka bila mlio.

Mara kila mtu akawa mganga. Mfagiaji alimwambia aponde tangawizi. Fundi aliapa kwa kitunguu saumu kibichi. Daktari wa macho mwenyewe, pamoja na kisomo chake chote, alisema ndimu na asali. Saa sita wakamruhusu aende. Akapita sokoni, akanunua vyote alivyoambiwa, akavipanga mezani kwake. Ushauri ulikuwa tele. Wa kumchemshia ndiye hakuwepo.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu aachane na mumewe, na hii ndiyo mara ya kwanza kuugua peke yake. Zamani alikuwa akipiga chafya tu, mama mkwe keshabandika sufuria. Dawa yake hakumfundisha kamwe. Alimwambia tu, "Kalale, mimi nipo."

Akachemsha tangawizi na ndimu, akaonja. Siyo. Akashika simu, akaiweka, akaishika tena.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Alijaribu kusema. Ikatoka hewa, kisha kikohozi kirefu cha kumkunja mgongo.

Mama mkwe wake wa zamani akasema polepole, "Ni wewe. Hicho kikohozi nimekiuguza miaka minane. Usiseme, utajiumiza. Gonga simu kama ndiyo."

Akagonga kwa ukucha.

"Tangawizi unayo?"

Akagonga.

"Karafuu je?"

Hakugonga.

"Basi ndiyo hiyo inayokosekana. Karafuu nne, zikaange kavu mpaka zinukie, ndipo utie maji na tangawizi. Ndimu utie ukishaepua. Asali iweke kikombeni, si sufuriani. Umekula?"

Hakugonga.

"Nilijua," mama alisema, akashusha pumzi.

Kasuku alijifunga mtandio, akaenda duka la jirani kununua karafuu. Alikunywa amesimama jikoni, machozi yakimtoka, akasingizia mvuke.

Sauti ilirudi Jumatano. Saa ya chakula cha mchana alikaa kwenye ngazi za nyuma ya duka, akapiga simu kushukuru.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Nimepona."

Alisikia vyombo vikigongana, mtoto mchanga akilia, na sauti ya mwanamume aliyoijua mno ikiuliza, "Nani huyo, mama?"

"Mtu amekosea namba," mama alimjibu mwanawe. Kisha akasogeza mdomo karibu kabisa na simu. "Umekosea namba, mwanangu. Asubuhi kuna baridi, uwe unavaa sweta."

Simu ikakatwa. Kasuku alibaki pale pale, chakula kikipoa mapajani, mpaka mapumziko yakaisha. Hakupiga tena.