Bonge Kwenye Printa ya Bosi

Mama Bonge alibandika mchoro wake kwenye ukuta wa ofisi ya Bosi, akarudi nyuma kidogo. Masomo yake yote ya jioni ya kompyuta yalikuwa yameishia kwenye karatasi ile. Bosi akiukubali mchoro, Mama Bonge ndiye atakayesimamia mtandao wa kiwanda cha magodoro. Akiukataa, italetwa kampuni ya nje, naye ataendelea kupokea simu.

"Haya, tueleze," Bosi alisema.

"Intaneti inaingia hapa. Kwanza inakutana na kizuizi, kama mlinzi wa getini, kinachokagua kila kinachopita. Halafu njia zinagawanyika: hii ya wageni wa mapokezi, hii ya ofisi, kila moja na nywila yake. Mgeni anaishia sebuleni, chumbani hafiki."

Mhasibu, aliyeketi kando ya Bosi, alicheka mpaka miwani ikamteleza puani.

"Dada yangu, tunauza magodoro, siyo dhahabu! Nywila yetu moja inatutosha, imebandikwa hapo mapokezi kila mtu anaiona. Nani atakuja kuiba sponji kwa simu?"

Hata Bosi akatabasamu. Mama Bonge akafungua mdomo kujibu. Hapo ndipo printa ya pembeni ilipoguna, ikakohoa, ikatema karatasi.

Ilikuwa picha ya mtoto ndani ya beseni, matako nje, anacheka kwa meno yake mawili.

"Na huyu ni nani?" Bosi aliuliza.

Ikatoka nyingine. Na nyingine tena.

Mama Bonge alitamani ardhi ipasuke immeze. "Ni... ni Bonge wangu."

Alitoka mbio. Kule mapokezi, mama mkwe wake, aliyemleta mtoto anyonye, alikuwa amejikalia kwenye godoro la maonyesho, Bonge pajani, akiibonyeza simu kama anayekanda unga.

"Mama, unafanya nini?"

"Namtumia shangazi yake picha, mwanangu. Nimeweka nywila hiyo ya ukutani. Simu ikaniuliza, 'Chapisha?' Nikakubali. Nakubali, nakubali, shangazi mtu kimya!"

"Zimekwenda kwa Bosi, mama."

"Yeye anazitakia nini?"

Bosi alikuwa ameshafika nyuma yao, lundo la picha mkononi. Alimtazama bibi, akaitazama nywila ukutani, kisha akamgeukia mhasibu.

"Mama huyu ameingia ofisini kwangu bila kunyanyuka kwenye godoro. Tena hana nia mbaya. Akija mwenye nayo?"

Mhasibu alivua miwani, akaanza kuifuta bila sababu. "Na mishahara yetu yote imo kwenye mtandao huo huo," alinong'ona.

"Mama Bonge, mchoro umepita. Mtandao ni wako. Unaanza lini?" Bosi aliuliza.

"Sasa hivi!"

Alimpakata Bonge, akampa ziwa, na kwa mkono uliobaki akaibandua ile nywila ukutani, *chwaa!*

"Ngoja kwanza," mama mkwe akalalamika. "Shangazi yake je, ataipataje picha?"

"Mpelekee hii," alisema Bosi, akimpa moja. "Na hii ya kunikumbusha," akaikunja nyingine taratibu, akaitia mfukoni.