Nafasi ya Kumi na Mbili

Pilipili zilikuwa zimetandazwa juu ya mkeka wa plastiki, nyekundu kabisa, mahali hasa ambapo Pyo Deok-man alitakiwa kupaka rangi. Alitua ndoo yake, akazitazama. Mwenyewe, Ku Pil-nam, yule wa saluni ya kona, alikuwa amesimama upande wa pili wa mkeka, taulo begani, anamtazama yeye.

"Baba Ga-yeon," alisema, "miaka tisa naanika hapa."

"Najua, dada. Na mimi nimezila."

"Sasa?"

"Sasa ramani inasema ni maegesho."

Akamwonyesha karatasi ya manispaa. Mwaka huo manispaa ilikuwa imeamua kuupanga upya mpango wake wa maegesho ya wakazi. Vichochoro vyote vya kilimani vilipimwa tena, mistari ya zamani ikafutwa, na maombi ya vibali yakapewa alama kwa kanuni mpya. Uchochoro wao ulikuwa na nafasi kumi na moja tangu enzi. Wapimaji walikuja na gurudumu lao, wakaizunguka nguzo ya umeme mara mbili, wakagundua kwamba palipoanikwa pilipili pangetosha gari moja zaidi. Waliokuwa wakingojea nafasi walikuwa kumi na tisa, na Deok-man alikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo majirani walipopata cha kumtania. Miaka ishirini na miwili Deok-man alikuwa akipaka mistari ya maegesho mji mzima, maelfu ya nafasi za watu wengine, na yeye mwenyewe hana hata moja. Kirikuu chake, kigari cha mizigo, kililala chini ya daraja, ngazi mia moja na kumi na mbili kutoka mlangoni kwake. Siku akibahatika kupata upenyo karibu, aliacha namba ya simu kwenye kioo kama wafanyavyo wote, na simu ilimfuata popote: mezani, ndani ya maji ya moto kwenye bafu la umma, mara moja msibani akiwa amepiga magoti mbele ya picha ya marehemu. Samahani, tunaomba utoe gari. Naye akatoka kwenda kulitoa.

Hayo angeyavumilia mpaka uzeeni. Asiloliweza lilikuwa goti la mkewe. Mo-ran alipasuliwa goti mwezi wa tatu, na kila alipokwenda kunyooshwa mguu aliteremka ngazi zile ubavuubavu, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi, mwingine begani kwa mumewe. Alipumzika mara tatu, na kila mara alimwomba radhi. Zile radhi ndizo zilizomchoma. Usiku mmoja Deok-man akasema basi: mwaka huu wakikosa, anauza kirikuu, anaacha kazi, wanahamia mji wa Gunsan kwa dada yake Mo-ran. Mo-ran hakubisha, ila alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Mnunuzi angekuja Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi, na majibu ya vibali yangetumwa kwenye simu saa tano asubuhi.

Tangu alfajiri watu walikuwa wakimjia na haja zao. Mzee wa nyumba namba tatu alitaka aongezewe shubiri moja. Mume na mke wa namba sita walitaka mstari usogezwe mbali na geti lao, lakini si sana, kidogo tu, nani atajua? Deok-man aliwajibu wote jibu moja, kwamba waiulize kamba yake ya kupigia mistari. Pil-nam naye aliomba lake: upana wa viganja viwili ubaki kandokando ya ukuta, mkeka ukunjwe mara mbili, pilipili zipate pa kulala.

"Kamba itakataa," alisema Deok-man.

"Kamba ni yako."

"Ndiyo maana itakataa."

Pil-nam alipiga magoti akaanza kukusanya pilipili zake, akiwataja wapimaji mmojammoja kwa majina aliyowabunia papo hapo, na hakuna hata jina moja la kuandikwa hapa. Alipomaliza, ilibainika kwamba mwenzi wa kazi wa Deok-man, mzee Tak, alikuwa ameitwa mtaa wa pili, na kamba ya chaki haishikwi na mtu mmoja. Deok-man akamtazama Pil-nam. Pil-nam akatazama angani, kisha akanyoosha mkono.

"Nikishika mimi itapindia kwangu."

"Ibane kwa dole gumba. Usipumue."

Deok-man akaivuta, akaiachia. Kamba ikagonga lami na kuacha mstari wa buluu, mwembamba, ulionyooka. Pil-nam aliutazama ule mstari uliomlia mahali pake, akasema, kwa shingo upande, kwamba umenyooka. Wakapiga wa pili, wa tatu, wa nne. Deok-man akafagia vumbi, akabandika selotepu, akakoroga rangi. Kwa kawaida kazi ya nafasi moja ilimchukua muda wa kuvuta sigara mbili. Siku hiyo alikoroga rangi iliyokwisha kukorogeka. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa kifuani, nayo ilikuwa kimya. Ghorofani, dirishani, Mo-ran alikuwa akipangusa kioo kilekile tangu saa nne.

Alikuwa amemaliza mistari na ameinama juu ya bati lililotobolewa tarakimu, ameshapaka moja na anaanza mbili, simu ilipotetemeka. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka viwikoni. Hakuinuka.

"Nikutolee?" aliuliza Pil-nam.

"Ngoja kwanza."

"Nangoja nini? Nimeshangoja pilipili zikauke hapa miaka tisa." Akaichomoa mwenyewe, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. Akasoma. Akasoma tena, midomo ikichezacheza, na uso wake haukusema kitu.

Deok-man alibaki ameinama. Aliona Gunsan, aliona sebule ya shemeji yake na yeye amekaa humo mchana kutwa bila kazi, akitazamwa.

"Dada," alisema, "kama ni hapana, sema hapana."

"Mimi nataka kujua jambo moja tu," alisema Pil-nam. "Gari likishaegeshwa hapa, pilipili zangu nitaanika juu ya boneti au juu ya paa?"

Deok-man hakuelewa upesi. Alipoelewa, burashi ambayo haikuwahi kumteleza iliteleza, na ile mbili ikatoka na mkia mrefu usiokuwa kwenye bati. Pil-nam alikuwa ameshageukia dirishani, anapaza sauti hadi namba tatu wakafungua mlango: "Mama Ga-yeon! Ya kumi na mbili ni yenu! Wamewapa alama za goti lako na za kirikuu chake!" Dirisha likabaki tupu. Kitambaa cha kupangusia kilikuwa kimeanguka uchochoroni.

Furaha ya Pil-nam haikujua kutulia. Aliingia saluni, akatoka na samaki mkavu aliyezungushiwa uzi mweupe na chupa ya pombe nyeupe ya mchele, masalio ya siku walipolibariki gari jipya la mpwa wake. Kwa desturi pombe humwagiwa matairi. Matairi hayakuwapo, basi akamwaga kwenye pembe nne za nafasi, kwa unyenyekevu, akinong'ona ajali zikae mbali, na rangi ya pembe ya nne ilikuwa bado haijakauka. Pombe nyeupe na rangi nyeupe zikashikana, zikateremka pamoja kuelekea mtaroni.

Angefanya hivyo mtu mwingine yeyote, Deok-man angemtupia ndoo. Leo alicheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko, akairudia pembe ile tangu mwanzo.

Rangi ilihitaji dakika arobaini. Majirani walirudi ndani, na Mo-ran akateremka polepole na bakuli la viazi vitamu vya kuchemsha. Deok-man akampindulia ndoo tupu katikati ya nafasi, akamkalisha, akachuchumaa kando yake. Walikula wakipuliza vidole.

Gari zuri, geni, likapanda uchochoroni na kusimama. Dereva akashusha kioo. "Mzee, hapa pana mtu?"

Swali hilo Deok-man alikuwa ameliuliza mwenyewe miaka ishirini na miwili, dirishani kwa watu, kwa adabu, huku akijua jibu. Alimeza kiazi kwanza.

"Pana," alisema. "Ni petu."

Dereva akaomba radhi, akaanza kurudi kinyumenyume. Mo-ran aliunyoosha mguu wake mbovu juu ya lami, kisigino kikaishia ndani kidogo ya mstari.

"Mlango wangu utafungukia upande gani?" aliuliza.

Kirikuu kilikuwa bado chini ya daraja. Deok-man akainuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akahesabu hatua mbili kutoka ukutani. Akashika kitasa ambacho hakikuwapo, akamfungulia.