Mlima Usio na Mto

Siku ya Alhamisi, mbele ya walimu wote, prefe alitangaza kwamba Safi hatadumu. Shule ile ya sekondari ilikuwa juu huko Kivu, katikati ya mashamba ya viazi na pareto, na Safi alikuwa ametumwa kutoka Kindu, huko Maniema, kufundisha jiografia, na diploma yake mbichi na Kiswahili chake ambacho wenzake walikiona cha kujidai. Prefe, mkuu wa shule, alikuwa na binamu aliyeitaka nafasi hiyo hiyo. Kwa kuwa mwalimu wa jiografia ndiye huwapandisha wanafunzi mlimani kila mwaka, akaweka sharti: Jumamosi Safi apande kwanza pamoja naye, afike kwenye shimo la kilele, ashuke kwa miguu yake kabla jua halijazama. Akiweza, atapata barua ya kuthibitishwa kazini. Akishindwa, arudi kwao akavue samaki.

Safi alijibu kwamba kwao mtu haogopi kutembea, ila huchagua wa kutembea naye. Walimu waliinama kuficha vicheko. Prefe hakucheka.

Jumamosi alfajiri walikutana kwa Mama Jeannette, mkulima ambaye nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya msitu. Ndiye angewaongoza hadi kileleni, maana njia aliijua kwa sababu mizinga yake ya nyuki ilikuwa huko juu. Safi alikuwa amefunga kitenge juu ya kitenge, maana suruali serikali ilikuwa imewakataza wanawake, na miguuni raba za turubai. Mkobani mlikuwa na mihogo ya kuchemsha, daftari na kalamu.

Maji hakubeba. Mtu wa Kindu habebi maji safarini. Mto Lualaba uko mlangoni, na ukienda Kailo kwa miguu, kila bonde lina kijito chake. Unachuma jani pana, unalikunja, unakunywa, unaendelea na safari. Aliyaona mapipa mawili yakikinga mvua chini ya mabati ya Mama Jeannette, akadhani ni uvivu wa kwenda mtoni.

Mama Jeannette aliutazama mkoba wake. "Mwalimu, kibuyu chako kiko wapi?"

"Cha nini, mama? Mito tutaikuta."

Mama akafungua kinywa, lakini prefe akamkatiza: mwalimu ana diploma, hafundishwi na mkulima. Yeye kiunoni alining'iniza bidoni ya kijeshi, imejaa maji hadi kizibo.

Wakapita viazi, wakapita pareto, wakaingia kwenye mianzi. Safi alikwenda huku ametega sikio. Sikio la mtu wa Maniema husikia maji kabla ya jicho kuyaona, lakini pale hapakuwa na kitu ila upepo. Korongo la kwanza lilikuwa kavu, na la pili, na la tatu. Penye mizinga, Mama Jeannette alimpa kibuyu chake kidogo. Yalikuwa mafunda mawili, yakaisha.

"Mto uko wapi?" Safi aliuliza mwishowe.

Prefe alikuwa akilingoja swali hilo tangu alfajiri. Akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto, kwamba mlima huu ulizaliwa na moto, na mwamba wake umejaa matundu. Mvua yote inayonyesha unaimeza wenyewe. "Si uliwachorea wanafunzi ubaoni? Mito minne, kwa chaki ya buluu. Niliiona wiki mbili zilizopita."

Aliiona, akanyamaza, akaacha wanafunzi wainakili. Hilo lilimuuma Safi kuliko kiu. Lakini mito aliichora yeye, kwa mkono wake, bila kumuuliza hata mkulima mmoja, na aibu hiyo hakuwa na wa kumtupia.

Juu ya mianzi miti ilikuwa mifupi, imeota ndevu za kijivu, kisha nayo ikakoma. Ukabaki mwamba mweusi, mkali kama mgongo wa mamba, na majivu yaliyorudisha nyuma nusu ya kila hatua. Safi alipofika kwenye ukingo wa shimo ulimi ulikuwa umenata kinywani. Chini, kupitia nyufa za ukungu, mashamba yalionekana kama viraka vya nguo ya maskini.

Prefe aliketi, akafungua kopo la sadini, akala. Akanywa hadi maji yakamtiririka kidevuni. Kisha akatoa karatasi kwenye koti: ombi la uhamisho, limekwisha pigwa taipu, limebakiza saini tu.

"Andika jina lako, unywe. Njo mambo rahisi. Nyinyi Wangwana wa Kindu munajua kusema, kupanda hamujui."

Safi aliitazama bidoni, kisha akajilazimisha kutazama pengine. Hivyo ndivyo alivyofunzwa na bibi yake huko mtaa wa Kasuku, alipofunga kwa mara ya kwanza akiwa na miaka saba: usiyatazame maji, pumua kwa pua, usihesabu saa, hesabu kazi. Leo haikuwa saumu. Alfajiri alikunywa chai, na Mungu hadanganywi. Lakini mwili ulikuwa unaijua njia.

"Prefe," alisema, "mimi kila mwaka hushinda hivi mwezi mzima, kwenye joto la Kindu, na jioni nawapikia wengine. Ulichagua adhabu niliyoizoea."

Akafungua daftari, akaandika: Saa sita na robo. Kilele. Maji hakuna.

Wakati wa kushuka ukungu ulipasuka na jua likawaka. Prefe alikunywa kila walipopumzika, akimtazama Safi usoni, huku chumvi ya sadini ikimdai zaidi. Kabla ya kufika kwenye mianzi bidoni ikalia tupu. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa vimemchuna, akawa anashuka kwa makalio.

"Mama," alisema, "huna maji?"

"Sina, Zéphirin."

Jina hilo la ubatizo serikali ilikuwa imelipiga marufuku pamoja na yote ya Kizungu, na shuleni hakuna aliyethubutu kulitamka. Aliitwa Sitwayen Prefe, yaani raia, badala ya bwana. Leo hakumsahihisha mama.

Walifika nyumbani jua likiwa limebakiza shubiri moja. Mama Jeannette alichota kwenye pipa, na kwa kuwa mgeni ndiye wa kwanza, akampa Safi kata. Prefe aliifuata kwa macho. Safi alikunywa nusu, bila haraka, akamnyooshea prefe iliyobaki.

"Kunywa. Kwetu maji hatuuzi."

Akanywa. Alipomaliza, Safi alidai barua yake. Prefe akapapasa koti na mfuko wa shati. Hakuwa nayo, hakuwahi kuiandika.

Safi alimpokonya ile karatasi ya uhamisho, akaigeuza, akaandika nyuma yake, kwa Kiswahili, kwamba mwalimu amethibitishwa. Akaiweka juu ya kifuniko cha pipa.

"Uliahidi mbele ya walimu. Na ya kule juu Mama Jeannette ameyaona."

"Nimeyaona," alisema mama. "Na Jumanne niko sokoni, watu wataniuliza habari."

Prefe alitia saini. Alisema kwamba mwaka ni mrefu. Safi alimjibu kwamba anajua.

Jumatatu aliingia darasani, akachora mlima upya. Akawaambia wanafunzi wafungue ukurasa wa mito minne na waikate, kwa sababu mwalimu wao alikosea. Prefe alikuwa amesimama mlangoni. Safi hakumkaribisha, akashika chaki nyeupe, na chini ya mlima akachora mapipa mawili.