Mashine ya Marehemu Mwalimu

Mshonaji alifunua sufuria yake ya maziwa, akakuta mashine za kunyolea ndevu zikitokota. Juu ya maji lilielea povu la kijivu, na ndani ya povu, vijinywele.

Akakirudisha kifuniko upesi.

"Mume wangu, hizi ndevu ni za nani?"

"Nani ajuaye," alijibu mumewe bila kuinua macho. "Labda Mwingereza fulani. Hiyo ni shaba ya kale, huipati tena."

Tangu aache kazi ya ufundi saa, mzee huyu alikuwa amepagawa na mashine hizo za Kiingereza, za kufungua kichwa ukatia wembe, zilizotengenezwa kabla hajazaliwa. Alizisaka mitumbani na kwenye vibanda vya vinyozi. Mkewe angevumilia kabati kujaa vyuma. Kilichomshinda ni masazo ya nyuso za wanaume asiowajua: sabuni iliyoganda, ngozi kama pumba. Juzi alikuwa ameshapiga mswaki ndipo akaambiwa mswaki wake ndio uliotumika kusugulia mashine. Alisukutua kwa maji ya chumvi mpaka fizi zikamwaka moto.

Hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yao, mjane wa mwalimu.

"Shemeji," akamwambia fundi saa, "mwanangu alikuuzia mashine ya marehemu baba yake. Hakuniuliza."

Fundi saa aliitoa kwenye droo, uso umemshuka. "Sijaigusa bado. Ngoja niisafishe kwanza."

"Usiisafishe."

Mjane akazungusha mpini, kichwa kikafunguka. Kwenye meno ya mashine palikuwa na uji mkavu wa sabuni, umeshika mvi fupi fupi. Akaisogeza puani, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Ndiye," alisema. "Mikono ilipoanza kumtetemeka, nilikuwa namnyoa mimi."

Kisha akapitisha kidole kwenye ule uchafu, taratibu, kama anayepapasa shavu. Mshonaji aligeukia dirishani. Alitaka kumhurumia, lakini kilichotangulia kumpanda kooni ni matapishi. Akameza. Akachukua kipande cha kitambaa kipya, akakikunjua kwa ncha za vidole.

"Iweke humu, dada. Isidondoke."

Mjane alipoondoka, fundi saa alizitazama mashine zilizobaki kwenye droo.

"Sikuwahi kuwaza kwamba zina wenyewe," alisema.

"Mimi siwazi kingine kila nikiingia jikoni."

Kuanzia hapo, kila aliponunua mashine, fundi saa aliuliza ilikuwa ya nani. Akisikia mjane au binti yupo, aliipeleka kama ilivyo. Wengi walimcheka, mmoja alimfungia mlango usoni. Wawili walizipokea wakalia.

Mkewe alimsifu kwa hilo, kwa dhati kabisa. Ila kila mumewe aliporudi kutoka safari hizo, alimsimamisha mlangoni na kumnawisha hadi viwikoni, pua ameigeuzia pembeni.