Seva ya Saba Haina Pakiti

Katika maabara ya chuo kimoja huko mjini Hsinchu, watu wenye shahada za kujaza ukuta mzima hawakuwasha seva kabla ya kuiwekea juu pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi. Ati mashine ikipewa chake, inatulia. Ukitaka kucheka, cheka peke yako. Masharti yalikuwa mawili: pakiti isipitwe na tarehe, na anayeibadilisha awe mwenye mashine, si mwingine. Seva iliyokaa bila pakiti ilijulikana kuwa haina mwenyewe.

Pi-hsia alikuwa mtunza vifaa hapo kwa miaka kumi na tisa. Antena za paani, nyaya, viyoyozi, kabati za seva, vyote vilikuwa mikononi mwake. Mwezi uliopita wanafunzi waliondoa pakiti zilizopitwa na muda, na kila mmoja akaweka mpya juu ya mashine yake. Seva ya saba ikabaki wazi. Pi-hsia hakuuliza mtu. Alifuta diski zake zote, akaikabidhi kwa mwanafunzi mpya.

Leo mzee Kan, mkulima wa mapera kutoka kusini, alisimama mlangoni na mfuko wa mapera. Mwanawe Yu-che alikuwa akisoma hapa. Miezi mitatu iliyopita aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki.

"Dada, simu yake ilisagika," mzee alisema. "Wenzake wanasema alikuwa anajirekodi, anapima mawasiliano ya redio kati ya humu na paani. Mimi sina sauti yake popote. Niwekee niisikie mara moja tu, nijiendee zangu."

"Alikuwa anatumia seva gani, baba?"

"Ya saba, wameniambia."

Marehemu angebadilishaje pakiti? Swali jepesi kama hilo, na Pi-hsia hakuwa amejiuliza.

"Diski zake nimezifuta mimi," alisema. "Niliona haina pakiti, nikadhani haina mwenyewe. Nisamehe, baba."

"Hakuna nakala?"

"Hakuna."

Mzee akakaa kitini, mapera mapajani. Hakumtukana. Laiti angemtukana, Pi-hsia angepata pa kushika.

"Wewe ulikuwa naye kila siku," mzee alisema baadaye. "Alikuwa anasemaje?"

"Akiingia tu: 'Shangazi, umekula?' Nikimjibu bado, ananitania: 'Unajikondesha hivyo, unataka kuolewa tena?'"

Mzee alicheka huku machozi yakimtoka. "Ndiye huyo! Hebu sema kama alivyosema yeye. Kwa sauti yake."

Pi-hsia alifumba macho. Maneno aliyakumbuka yote. Lakini sauti je, ilikuwa nzito au nyembamba? Alifungua mdomo, ikatoka yake mwenyewe. Akajaribu tena.

"Siipati, baba," alisema, akaanza kulia.

"Hata mimi siipati," mzee alisema. "Tangu juzi. Ndiyo maana nimekuja."