Macho ya Twiga wa Kimeu

Kimeu alichonga twiga, mkewe Wayua akawapiga msasa na kuwapaka polishi ya viatu. Ndivyo wachongaji wa Ukambani walivyogawana kazi nyumbani, na walipohamia Kariobangi, Nairobi, walihama na desturi yao.

Mwaka wa tisini na tano Wayua alianza kupokea twiga wenye makengeza, jicho moja juu, jingine karibu na shavu. Mke mwingine angeuliza. Yeye, kwa huruma yake ya kijinga, alichukua kisu kidogo akayachonga macho upya kimyakimya, mumewe asiaibike mbele ya wenzake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayemfichia mwenzake.

Mwaka uliofuata, kliniki alikotibiwa ugonjwa wa sukari ilimtuma Kimeu apimwe macho, Wayua akamsindikiza. Daktari alimtia matone, akammulika kwa muda mrefu.

"Mzee, sukari imeharibu mishipa nyuma ya macho. Inavuja damu. La kushoto limeumia sana. La kulia tukilichoma kwa mwale wa leza wiki hii, tunaweza kuliokoa. Tukingoja, utapoteza yote mawili."

Kimeu alicheka. "Daktari, mimi nachonga macho madogo kama punje ya mtama. Mwaka mzima hakuna twiga hata mmoja amerudishwa. Kipofu anaweza hiyo?" Akamgeukia mkewe. "Mama Nzivo, twende nyumbani."

Wayua hakuinuka. Akinyamaza, heshima ya mumewe itabaki na jicho litakwenda.

"Baba Nzivo, keti kwanza. Hayo macho ni mimi huyarekebisha. Yote. Wewe unayachonga yakienda upande."

Kimeu aliketi. Daktari akajifanya anapanga vifaa vyake.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana."

"Na ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona. Nikakuficha. Ningesema mapema, hata hilo la kushoto lingepona. Nisamehe."

Kimeu alinyoosha mkono kuutafuta wa mkewe. Ukapita kando, ukashika ukingo wa meza. Siku zote Wayua huusogeza wake haraka ili ikutane. Safari hii aliuacha pale pale magotini, machozi yakimtoka, mpaka mumewe akajua mwenyewe kwamba ameukosa.

"Daktari," Kimeu akasema, "hiyo kuchomwa ni siku gani?"